Kufunga Kipimo cha Oili katika Motokaa ya Kale

Wenzangu wote mwaijua motokaa nyeusi ya misheni yetu, ile yenye magurudumu ya njiti za mti, itokayo kila Jumamosi kuchukua mboga sokoni na siku za sikukuu kuwabeba wageni. Mwaka huu sisi wanafunzi wa karakana tuliifungia kipimo cha oili, yaani geji kama mafundi wasemavyo. Tangu siku hiyo wengi wameniuliza: gari lililotembea karibu miaka mia bila kipimo lina haja gani ya kipimo leo? Swali ni zuri, na nimeombwa nilijibu katika gazeti letu. Nitaeleza kwanza jinsi injini hii inavyopata oili, kisha jinsi tulivyofunga kipimo, na mwisho jinsi kipimo kiwezavyo kusema uongo. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Gari letu ni Ford ya namna iitwayo Model T. Namna hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwezi wa Oktoba 1908, ikaacha kutengenezwa mwezi wa Mei 1927, na katika muda huo zilitoka zaidi ya milioni 15. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, Henry Ford alianza kuziunda katika mstari unaotembea: gari lilivutwa kupita mbele ya mafundi, na kila fundi akafunga kitu chake kimoja tu. Kwa njia hiyo bei ilishuka sana. Mwanzoni gari la abiria liliuzwa dola 850, lakini katikati ya miaka ya 1920 gari dogo la aina hii lilipatikana kwa chini ya dola 300. Letu ni la mwaka 1925, na usukani wake uko kulia, kwa kuwa nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza zilipata Ford zao kutoka kiwanda cha Kanada.

Bei ndogo haiji bure. Kila kitu ambacho gari lingeweza kwenda bila ya kuwa nacho kiliachwa. Petroli ilipimwa kwa kutia kijiti ndani ya tangi. Saa ya kuonyesha nguvu ya oili hakuna, na isingekuwa na kazi, maana hata pampu ya oili hakuna.

Basi oili yafikaje mahali pake? Injini ina silinda nne, ukubwa wake ni lita 2.9, na nguvu zake ni za farasi 20. Oili yake ni galoni moja ya Kimarekani, yaani kama lita 3.8. Nyuma ya injini liko gurudumu zito lenye sumaku 16, ambazo hutoa umeme wa kuwasha plagi. Gurudumu hilo huzunguka ndani ya oili, likaizoa na kuitupa juu. Sehemu ya oili iliyotupwa huangukia mdomo wa mrija mwembamba, ikatelemka hadi kwenye giya ndogo za mbele ya injini. Kutoka huko hurudi nyuma polepole, ikijaza vibirika vilivyo chini ya konrodi. Kila konrodi ipitapo huchovya ncha yake katika kibirika chake na kurusha oili kwenye beringi na pistoni. Basi oili huzunguka kwa kutupwa na kutelemka tu, kama maji ya mfereji wa shamba. Mfereji ukipungua maji, shamba la mwisho ndilo likaukalo kwanza.

Tena giya za mwendo nazo zimo katika oili ile ile. Mikanda inayozikamata ina kitambaa cha pamba kilichofumwa, nacho huchakaa na kutoa nyuzi ndogo ndogo, na nyuzi hizo huelea ndani ya oili. Ziwekeni akilini nyuzi hizo, maana tutakutana nazo tena.

Waliounda gari hili waliweka njia moja tu ya kujua kiasi cha oili. Chini ya gari, katika kasha la gurudumu zito, ziko koki mbili ndogo, moja juu kidogo ya mwenzake. Ukifungua koki ya juu na oili ikatoka, imejaa. Ukifungua ya chini na oili isitoke, hatari. Kiasi kizuri ni katikati ya koki hizo mbili. Oili ikizidi sana, moshi hutoka na plagi huchafuka. Lakini moshi huonekana na plagi husafishwa. Oili ikipungua, huonekani kitu chochote mpaka uharibifu umekwisha kutokea.

Sababu ni kwamba beringi za injini hii zimemiminwa kwa madini meupe laini, mchanganyiko wa bati, shaba na antimoni. Madini hayo huteleza vizuri sana yakiwa na oili, lakini yakikauka hupata moto na kuyeyuka mapema kuliko chuma. Na adui mkubwa ni kilima. Gari likipanda, mbele huinuka na oili yote hukimbilia nyuma. Konrodi ya kwanza, iliyo mbele kabisa, ndiyo hukosa kabla ya nyingine. Fundi wetu mzee husimulia kwamba kabla sisi hatujafika shuleni, beringi ya silinda ya kwanza iliungua hapo mlimani, gari likiwa limejaa watu. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi hakuna aliyependa kulala katika matope chini ya gari ili afungue koki. Beringi hazikupatikana nchini. Ikabidi madini yaagizwe kutoka ng'ambo, na gari likasimama miezi saba. Oili iliyopungua siku ile ingejazwa kwa chupa mbili.

Hilo ndilo jibu langu kwa waulizao haja ya kipimo. Koki mbili zasema kweli daima, lakini hazimwambii mtu asiyekubali kujilaza chini. Kazi ya kipimo ni kumwondolea dereva udhuru wa matope.

Wenye Ford huko Marekani walichoka na matope hayo zamani sana, na viwanda vidogo vingi vilijipatia riziki kwa kuuza vitu ambavyo Ford hakuviweka. Vipimo vya oili vilikuwa vya namna nyingi, lakini asili yake ni mbili. Namna ya kwanza ina kielezi, yaani chelezo kidogo kinachoelea juu ya oili na kuinua fimbo nyembamba, nayo fimbo huonyesha kiasi mahali panapoonekana. Namna ya pili ni mrija wa kioo uliounganishwa na tundu la koki ya chini. Ford yenyewe ilimaliza shauri hili ilipotoa gari lake jipya, Model A, mwezi wa Desemba 1927: hilo lilikuwa na pampu ya oili na kijiti cha kupimia, kama magari tunayoyaona leo.

Sisi tulichagua kioo, kwa kuwa hakina kitu kinachosogea ndani yake, na kwa kuwa twajua sheria yake kutoka darasa la fizikia. Vyombo viwili vikiungana chini kwa bomba, na vyote viwili vikiwa wazi juu kwa hewa, kimiminiko husimama kimo kimoja katika vyote viwili. Chombo cha kwanza ni injini, nayo hupumua kwa bomba lake la kujazia oili. Chombo cha pili ni kioo. Kutoka sheria hiyo hutoka neno ambalo wengi hawalitazamii: kioo chaweza kupelekwa pembeni, lakini hakiwezi kupandishwa juu. Lazima kikae kimo kile kile cha koki. Kwa hiyo msomaji wa kioo chetu bado huinama penye ubavu wa gari, ila halali chini tena.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kwanza tuliliweka gari mahali pa sawa, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukalipima kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana. Asitokee mtu akaingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya vigogo imara. Tuliwasha injini kidogo ili oili ipate moto na uchafu uchanganyike nayo, kisha tukaizima, tukaimwaga yote katika karai kwa tundu la chini.

Pili, tulifungua koki ya chini. Hapa kuna shauri la maana. Vipimo vingi vya zamani huchukua nafasi ya koki hiyo, na koki hutupwa. Sisi hatukufanya hivyo. Tulitia kiungo cha njia tatu: mdomo mmoja ndani ya tundu la injini, wa pili tukairudishia koki yenyewe, na wa tatu ukapokea bomba la kioo. Hivyo kipimo kimewekewa shahidi. Siku tukikishuku, twafungua koki na kuuliza.

Meno ya kiungo lazima yalingane na meno ya tundu. Yaanze kwa vidole, bila spana, mizunguko kadhaa. Yakigoma, ujue si mwenzake. Meno ya mabomba hubana zaidi kadiri yaingiavyo, basi mtu akitumia nguvu za spana tangu mwanzo atapasua kasha, na kasha hilo ni la zamani kuliko babu zetu.

Tatu ni bomba. Tulitumia bomba jembamba la shaba, na kabla ya kuingia katika kioo tukaunganisha kipande kifupi cha mpira usioharibiwa na oili. Injini hii hutetemeka sana, na shaba inayotikiswa siku zote huwa ngumu, kisha hupasuka. Bomba liinamie kidogo kuelekea kwenye kioo, tangu mwanzo hadi mwisho, bila nundu. Penye nundu hewa hukwama, na hewa iliyokwama huzuia oili, na kioo husema neno lisilo kweli. Chini kabisa ya kioo tulitia kizibo kidogo cha kufungulia, ili uchafu na maji yaliyotuama yatolewe. Juu ya kioo tuliacha tundu la hewa, tukalifunika kwa kitambaa chembamba kuzuia vumbi. Kioo chote kimo ndani ya ala ya bati iliyokatwa dirisha, nayo imefungwa ndani ya ubavu wa gari, juu kuliko sehemu ya chini ya kasha, ili mawe ya barabarani yasikifikie. Kioo kikivunjika, oili yote iliyo juu ya tundu itamwagika njiani, na hapo kipimo kitakuwa kimeua injini kiliyotumwa kuilinda.

Nne, tulitia alama. Alama hazichukuliwi kwa rula wala kwa kukisia. Huchukuliwa kwa koki. Tulimimina oili polepole kwa chombo cha kupimia, koki ya chini ikiwa wazi, mpaka ilipoanza kudondosha. Tukangoja oili itulie, tukafunga koki, tukachora mstari juu ya ala. Tukaendelea kumimina mpaka koki ya juu ikadondosha, tukachora mstari wa pili. Kiasi kilichoingia kati ya mistari miwili tulikiandika ubaoni karakana, ili kila mtu ajue ni oili kiasi gani humfikisha kutoka mstari hata mstari.

Hapo wengine walidhani kazi imekwisha. Fundi mzee akasema, “Vijana wangu, mmefunga mdomo, bado hamjajua kama mdomo huo wasema kweli.” Akatuamuru tutafute njia zote ambazo kioo chaweza kutudanganya. Tulipata nne.

Ya kwanza ni haraka. Injini ikizunguka, oili nyingi iko hewani na katika vibirika, si katika kasha la nyuma, na kioo huonyesha kidogo kuliko ilivyo. Ukizima, hushuka polepole, na siku ya baridi hupita polepole zaidi katika bomba jembamba. Kwa hiyo kioo kisomwe asubuhi kabla ya kuwasha, au dakika 10 baada ya kuzima.

Ya pili ni mteremko. Kioo chetu kiko sentimeta 40 kutoka kwenye tundu. Gari likiinama kuelekea upande wa kioo kiasi cha 5 kwa 100, oili hupanda katika kioo sentimeta 2 zaidi ya haki yake, maana 40 mara 5 kugawa kwa 100 ni 2. Macho hayatambui mwinamo mdogo kama huo katika uwanja wa majani, lakini sentimeta 2 katika kioo ni jambo kubwa. Basi tumechagua mahali pamoja pa sawa mbele ya karakana, tukapatia alama za mawe manne, na kioo husomwa hapo tu.

Ya tatu ndiyo iliyonishangaza, na naomba msomaji aitafakari. Kioo huungana na injini kwenye tundu la koki ya chini. Oili ikishuka chini ya tundu hilo, ile iliyo katika bomba na kioo haiwezi kurudi, kwa kuwa bomba limeinama kuelekea kioo. Itabaki pale pale, kimo cha tundu. Hata injini ingekuwa tupu kabisa, kioo kingeendelea kuonyesha mstari wa chini! Kwa hiyo mstari wa chini hausemi, “Oili ni kidogo.” Wasema, “Mimi sijui tena.” Tulipotambua hayo tulichora mstari mwekundu mwingine, juu ya ule wa chini kwa robo ya njia ya kwenda juu. Oili ikigusa mwekundu, yajazwa papo hapo, wakati kioo bado kina ujuzi wa kusema.

Ya nne tulifundishwa na gari lenyewe. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza ana kazi ya kuandika daftari la oili kila Jumamosi. Wiki ya tano alikuja akasema, “Kaka, Jumamosi nne mfululizo kioo kimesimama palepale, na chini ya gari madoa ya oili ni yale yale kila wiki. Imetoka wapi hiyo inayodondoka?” Tulifungua kizibo cha chini ya kioo. Ilitoka oili iliyomo katika kioo, kisha ikakoma, ambapo njia ingekuwa wazi oili ya injini ingeendelea kumiminika. Tukafungua koki ya chini, shahidi wetu: oili ilitoka kwa shida, matone tu. Ndani ya bomba tulikuta donge la nyuzi za pamba, zile nyuzi za mikanda nilizozitaja. Kioo kilikuwa kimefungwa mdomo, nacho kikawa kinarudia neno la mwezi uliopita.

Tangu hapo tuna kanuni: kipimo kisichobadilika si cha kushukuriwa, ni cha kushukiwa. Kila mwisho wa mwezi twafungua kizibo kidogo na kuhakikisha kwamba oili yatiririka bila kukoma, kisha twarudisha iliyotoka. Na koki ya chini hufunguliwa ili maneno ya wawili yalinganishwe. Kila mara oili ibadilishwapo, bomba hupulizwa.

Tena kumbukeni kwamba kioo hupima wingi, hakipimi wema. Petroli yaweza kupenya pembeni mwa pistoni ikaingia katika oili. Hapo kioo kitapanda, na mjinga atafurahi, kumbe oili imekuwa nyepesi kama maji. Basi toa tone moja, lisugue kati ya vidole na ulinuse. Ikinuka petroli, imwagwe.

Najua kwamba wengi wenu hamtagusa Ford ya 1925 maishani mwenu. Lakini mashine ya kusagia mahindi, jenereta ya hospitali na basi lililowaleta shuleni vyote hutegemea oili isiyoonekana, na vyote vina kijiti au kioo ambacho mtu fulani amewekwa akitazame. Ukiwa wewe ndiwe mtu huyo, jiulize kila siku maneno matatu: nimesoma mahali pa sawa? Nimesoma kwa wakati wake? Na kama kipimo hiki kingekuwa kimekufa, ningejuaje? Asiyeweza kujibu la tatu hajapima, ametazama tu.

Kwa sasa gari lapanda kilima kila Jumamosi, na daftari limejaa kurasa 11. Anayetaka kujionea kioo na mistari yake aje karakana saa mbili asubuhi, kabla injini haijawashwa. Aje na nguo za kazi, maana ni mwisho wa mwezi, na koki ya chini itafunguliwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho